Alhamisi Chini ya Soksi

Droo ya shangazi Ndeonasia iligoma miaka mingi.
Jana, huko Majengo, nimeing'oa kwa bisibisi na matusi madogo,
na chini ya soksi, naftalini na kitambaa cha kwaya
nikaikuta Alhamisi nzima imelala chali:
tarehe kumi na saba Novemba, themanini na tatu,
gazeti la *Kengele*, kurasa nane,
rangi ya chai iliyosahauliwa mezani.
Nikakaa sakafuni. Kuhamisha vyombo kukasubiri.

SUKARI KUJAA MADUKANI WIKI IJAYO.
Herufi nene kama vidole vya fundi seremala.
Wiki ijayo hiyo sasa ina miaka arobaini na ushee,
na mjomba Kirita alikufa bado anakunywa chai chungu,
akisema, "Tusubiri. Wameandika."

Chini yake, bwana mmoja ndani ya suti ya Kaunda:
MTAALAMU: THELUJI YA KIBO NI YA MILELE.
Niligeukia dirishani nimuulize Kibo mwenyewe.
Akajifunika wingu
kama mdaiwa aliyesikia sauti ya mwenye duka.

Ukurasa wa pili:
FISI AINGIA BENKI, MENEJA APANDA KABATI.
Habari ina mistari minne. Mitatu ni ya meneja.
Fisi, inasemekana, alisimama kwenye foleni,
akaona haisogei,
akaondoka.
Nadhani ndiye mteja pekee aliyetoka mle na heshima yake.

Michezo: MAGUNIA WALALA SABA BILA, KOCHA ALAUMU JUA.
Jua lilelile, kocha, liliwamulika wageni wa Arusha,
wakafunga la sita na la saba wamefumba macho.

Kisha kwenye kona, kwa herufi za sisimizi, Masahihisho:
"Jumatatu tuliandika kwamba Bwana Eliufoo Kileo
wa Kibosho amefariki. Tumejulishwa
na Bwana Eliufoo Kileo, aliyefika ofisini na fimbo,
kwamba sivyo. Tunasikitika."
Wanasikitikia kosa, fimbo, au uhai? Hawakusema.
Wala hawakusema iliendaje kule mgombani,
maana ng'ombe alikwishachinjwa,
na mbege ikishaiva haisikilizi masahihisho.

Ukurasa wa washairi umeliwa na mende,
wamebakiza ubeti mmoja, labda kwa huruma:

*Mhariri nakujia, barua nimeileta,*
*Sabuni ninalilia, shati linanata nata,*
*Foleni nimeingia, tangu jana sijapata,*
*Sabuni mmeificha, au imeshayeyuka?*

Ametia saini: Mwenye Shati, Njoro.
Vina vilipatikana. Sabuni, sijui.

Hali ya hewa: mawingu, pengine jua,
mvua huenda ikanyesha au isinyeshe.
Katika kurasa zote nane
hiyo peke yake sijaipatia kosa.

Pembeni, kwa penseli, mwandiko wa shangazi:
mafuta ya taa, kiberiti, kitunguu kimoja,
nimnunie Mama Anaeli mpaka Jumapili.
Habari kubwa ya mtaa, na hakuna aliyeichapa!
Hata chanzo cha ugomvi siwezi kuwapa.
Najua tu kwamba mwezi uliopita, msibani,
Mama Anaeli ndiye aliyelia kwa sauti kuliko sisi wote,
akaosha masufuria mpaka usiku,
akaondoka na moja.

Mwisho kabisa, pale mkasi wa shangazi
ulipopita ili gazeti lienee kwenye droo:
MKUU WA WILAYA AWAONYA WANA-MOSHI WAJIHADHARI NA

Na.
Baada ya hapo ni mbao.
Nimekitafuta kile kipande nyuma ya kabati,
nimepapasa hata ndani ya soksi.
Pengine alifungia karanga.
Na mji mzima, Pasua, Soweto, Bondeni,
tumeishi miaka yote hii,
tukioana, tukikopeshana, tukivuka barabara ya Arusha
bila hata kugeuza shingo,
na hakuna anayejua tulionywa nini.